Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliamua kuelekeza mafunzo yetu kwenye fangasi wasio wa kawaida katika slaidi za uchunguzi wa mlango wa kizazi. Wapo waliouliza kwa nini tuache seli zenye dalili za saratani, kazi yetu ya msingi. Hatujaziacha. Ila mama anayeandikiwa dawa za fangasi kwa sababu ya vumbi lililotua kwenye slaidi ameponzwa na maabara, na jambo hilo linaniuma.

Kandida wa kawaida, fangasi anayeota ukeni, hatupi shida: nyuzi zake hupenya seli bapa zikapangana kama mishikaki. Glabrata, aina nyingine ya kandida, ndiye anayetuponyoka. Hana nyuzi, ni vijiduara vidogo tu vyenye ukingo mweupe, na mara nyingi dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli haimwezi vizuri. Asiposomwa, mgonjwa anarudi kliniki na mwasho uleule.

Kilichozua ubishi mkubwa kwenye mafunzo ni Alternaria, ukungu unaopeperuka hewani. Vijimbegu vyake ni vya kahawia, na kahawia hiyo ni yake mwenyewe, haitokani na rangi tunazotumia. Upande mmoja ni mnene, wa pili umechongoka, na ndani mna kuta za wima na za mlalo. Zungusha skrubu ndogo ya hadubini: seli zikionekana vizuri, yeye anafifia, kwa kuwa amekaa juu ya seli hizo. Pembeni hakuna chembe nyeupe za damu zilizokusanyika. Huyo ametoka hewani. Aspergillus naye, ukungu mwingine, mwenye nyuzi zenye vipingili na matawi yanayochepuka kwa pembe ya digrii kama 45, akionekana na kichwa chake cha mbegu, tushuku uchafu kwanza, maana kichwa hicho huota penye hewa.

Kwa hiyo kamati inaagiza: mkimwona fangasi wa ajabu, pitisheni slaidi tupu kwenye rangi zilezile. Akijitokeza na humo, chujeni au badilisheni rangi kabla ya kuandika majibu. Na mkumbuke, kwa mfumo wa Bethesda, yaani utaratibu wa kuandika majibu ya uchunguzi huu, vijidudu huandikwa kando. Fangasi peke yake hageuzi majibu ya saratani.

Tumeanza kukusanya slaidi za kufundishia. Za glabrata bado ni chache mno, hivyo mwenye nazo azilete kwa katibu zikiwa zimefutwa majina ya wagonjwa. Mahesabu ya ada atayasoma mhazini.

Mwenyekiti