Barua mbili za kazi, na Ijumaa wanataka jibu

Shoga yangu mambo? Shemeji hajambo, wanao je? Sisi wazima, mdogo alikuwa na mafua yameisha. Najua kimya changu kimezidi ila mtu ukiwa huna kazi hata kupokea simu unachoka, kila anayepiga anauliza "vipi, bado?" Basi tuyaache hayo.

Kubwa lililonileta, nimepata kazi. Yaani nimepata mbili, wiki moja! Tangu hela za Wamarekani zikatike mwanzoni mwa 2025 na mradi wetu ukafa nimetuma maombi weee, kimya, halafu sasa hivi ofa mbili kwa mpigo na zote wanataka jibu Ijumaa. Mama mkwe ameshatoa ushuhuda kanisani, sijui hata ameitolea ipi.

Ya kwanza ni Dodoma, mradi wa maji, uhasibu uleule, milioni moja na laki tano. Ya pili hapahapa Dar, Kariakoo, kwa mzee mmoja anauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, milioni moja na laki moja, unashinda na vitabu vya stoo na mashine ya risiti ya EFD. Ukisikia hivyo unasema nenda Dodoma, hata Baba Neema ndivyo anavyosema, eti treni ya SGR si ipo, utakuwa unakuja wikendi. Nikamwambia nauli 31,000 kwenda, kurudi hivyohivyo, mara nne kwa mwezi ni 248,000, hapo sijapanga chumba na kule wanataka kodi ya miezi sita mbele. Akasema basi njoo mara mbili. Wanaume!

Ila siyo nauli inayoninyima usingizi. Ule mkataba wa Dodoma nimeusoma wote, hakuna mahali hata pamoja wameandika mwajiriwa. Wameandika "mtoa huduma". Wanakata kodi ya zuio asilimia 5 basi, hakuna NSSF ya kuniwekea akiba ya uzeeni, hakuna likizo, hakuna bima, na wanaweza kuuvunja kwa notisi ya wiki mbili. Naingia kila siku saa mbili, nasaini daftari, nina bosi, halafu mtoa huduma, kama fundi bomba! Nikampigia dada wa ofisini kwao, akaniambia ndivyo wanavyofanya siku hizi dada, ila hela si unaiona? Kweli naiona. 1,425,000 mkononi.

Sasa njoo Kariakoo uone. Toa NSSF 110,000, toa PAYE, ile kodi ya mshahara, 125,500, halafu Bodi ya Mikopo nao na asilimia 15 yao ya deni la chuo, 165,000. Inabaki 699,500. Nimerudia hesabu nikidhani simu mbovu. Haifiki hata nusu ya Dodoma, na ada ya Neema bado, na Mangi dukani sasa hivi akiniona anafungua lile daftari kabla sijasalimia.

Lakini (usimwambie mtu, hata Rehema) lile jambo tulilokuambia Pasaka bado lipo. Nikishika mimba nikiwa mtoa huduma, zile siku 84 za uzazi zenye mshahara atanilipa nani? Wataniambia mkataba umeisha, kwaheri. Kariakoo angalau ni ajira, sheria inambana, ingawa na yeye kaweka miezi sita ya majaribio, na we ndiye uliyeniambia kabla ya miezi sita hata ukiachishwa kwa uonevu huna pa kudai. Na ile michango yangu ya NSSF ya kule mradini imesimama tu, pensheni wanataka miezi 180, nitafika lini kwa hivi vibarua vya mtoa huduma...

Moyo uko Kariakoo, tumbo liko Dodoma.

Halafu kukaa benchi bila kazi kunaleta woga we acha tu, unaona ukiuliza swali wataichukua ofa yao. Yule mzee kaniuliza "una lolote?" nikajikuta nasema asante sana. Asante ya nini jamani, wakati laki mbili za kuongezwa nilikuwa nazo mdomoni! Mimi niliyekuwa nabishana na wakaguzi.

Nimekutumia picha za kurasa zote WhatsApp, zisome, hasa ule ukurasa wa notisi. Naweza kuwaomba Dodoma waandike ajira, hata kwa milioni na laki mbili? Wakikataa ndo nijue tu nia yao? Na Kariakoo nikirudi kuomba nyongeza mzee ataniona mjuaji? Au niombe aandike nauli pembeni na mshahara wa msingi ubaki uleule, maana Bodi si wanakata kwenye msingi tu? Babu Side bado yuko kule mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, anaweza kutuulizia kama huyo mzee analipa kwa wakati? We ungeenda wapi? Nijibu kabla ya Alhamisi usiku, voisi noti fupi basi, siyo zile zako za dakika kumi unapiga na stori za jirani.