Mhariri, Moshi siyo mlima peke yake, shukeni Kahe na baiskeli

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nikizidisha maneno mpunguze tu ila msiguse ile sehemu ya vibao vya historia, ndo hasa iliyonikalisha chini kuandika.

Desemba kama kawaida watu wetu walirudi nyumbani, mabasi yamejaa mpaka mlangoni, bei ya mbuzi imepanda, na kwangu akaja mpwa wangu wa Dar, kijana wa miaka 19, kazaliwa Tabata kakulia Tabata, Moshi anaijua kwa misiba na Krismasi. Siku ya tatu kashachoka. Anko, ananiambia, hivi hapa Moshi ukitoa mlima kuna nini tena? Nikamwambia kesho saa kumi na mbili uwe umeshaamka, na vaa viatu vya kufunga.

Mimi nina Phoenix yangu ya siku nyingi, ile yenye keria pana ya kubebea debe, na yeye nikamwazimia ya shemeji yangu, mtumba wa gia, gia zimeandikwa sita inaingia moja. Lakini safari ya kushuka haihitaji gia bwana. Hii ndo siri ya njia yenyewe, kutoka Pasua hapa mjini mpaka kijiji cha Kahe unafuata maji yanakoenda, ni kama kilometa 20 hivi za mteremko usiousikia, mguu unazungusha tu taratibu kama mtu anayesukuma cherehani, hamna haja ya kukimbia wala kuvaa zile kaptula za kubana.

Tukakatiza Njoro, tukaingia msitu wa Rau. Sasa mtu ambaye hajawahi kuingia pale atashangaa, mji uko hapo nyuma unasikia honi za bodaboda na hapo hapo uko chini ya miti hujui mwisho wake, baridi, mbega wanaruka na mikia yao meupe. Kuna mti unaitwa msoo, adimu kweli kweli, wataalamu walipoupa jina la Kilatini waliuita Oxystigma msoo, yaani wamelibeba jina la huku huku wakaliweka kwenye vitabu vyao. Mpwa wangu akaupiga picha. Mbele kidogo tukawapita wazungu wawili na baiskeli zao za kukodi na kijana wa hapa hapa Moshi anawaelezea habari za msitu na mashamba, na anaeleza vizuri kweli, mpaka sisi tukapunguza mwendo tukawa tunasikiliza kwa nyuma kama wezi wa elimu. Nikawaza moyoni, mbona haya maelezo yanatolewa kwa Kiingereza tu na kwa aliyelipa, sisi tunaopita hapa kila siku na magunia hakuna aliyewahi kutusimamisha akatwambia kitu.

Ukitoka msituni unatokea Mabogini kwenye majaruba, kijani mpaka macho yanauma, kina mama wameinama wanapandikiza, mwingine anavuruga tope na ng'ombe, mwingine na pawatila. Hapo ndo tukapata pancha, tairi la nyuma la shemeji. Bahati nzuri kijiji chochote cha mpunga hakikosi fundi baiskeli chini ya mti, na huyu wetu alikuwa mzee wa makamo, karai la maji, kipande cha tyubu, solusheni, msasa, buku moja kazi imeisha. Lakini ametukalisha karibu saa nzima maana nilimuuliza swali moja tu kuhusu ule mfereji wa zege. Basi akaanza. Jinsi mradi wa Wajapani ulivyojengwa miaka ya 80 mpaka ukakamilika 1987, jinsi maji ya mto Rau na ya Njoro yalivyogawanywa kwa mifereji kwenda Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni mpaka Oria, jinsi mpunga ulivyokubali mpaka watu wa juu ya banio, pale maji yanapokingwa mtoni kuingia mfereji, ambao hawakuwemo kwenye mradi nao wakaona isiwe tabu, wakalima mpunga na wao, na maji ni yale yale, kwa hiyo waliojengewa mfereji wakaanza kuangalia mfereji mkavu. Alieleza kwa mikono, karai likawa banio, msasa ukawa shamba la jirani. Mpwa wangu ambaye shuleni alikuwa anakimbia somo la jiografia amekaa kimya ameshika pampu.

Na mimi nikaongezea kwamba kugawana maji kwa mfereji siyo kitu tulichofundishwa na Mjapani, kule juu mlimani mababu walishachimba mifongo, yaani mifereji ya asili, kabla Mjerumani hajafika, kila ukoo na mfongo wake na zamu zake, na mwenye kuiba maji usiku alikuwa anajulikana tu.

Kutoka hapo mpaka Chekereni ni kupita juu ya tuta la mfereji, na hicho ndo kipande kitamu kuliko vyote, maji yanatembea pembeni yako mwendo ule ule unaokwenda wewe, ukigeuka nyuma mlima umesimama kama umekufuata. Upande wa kulia kule mbali ni miwa ya TPC, kile kiwanda cha sukari, na hapo nikamwonyesha kijana kwamba kule kwenye miwa panaitwa Arusha Chini. Akacheka, akadhani natania. Anko, Arusha si ile ya Clock Tower? Ndo hiyo hiyo. Waarusha wanaokaa chini ya mlima Meru walitokea huku, kando ya mito hii, walihamia kule miaka ya 1830, na jina wakaenda nalo. Leo ukisema Arusha mtu anafikiria mikutano na mahoteli, kumbe jina limetoka kwenye kijiji cha mtoni chini ya Moshi. Ningekuwa na uwezo hilo tu ningeliandika kwa herufi kubwa njia panda ya TPC (na watani wangu wa Arusha wasinichukie, mimi nimesema tu).

Kahe tumefika saa sita jua limesimama. Tukakaa kwanza kwa mama mmoja anayekaanga perege, na ugali, na pilipili ya kuponda, sitazungumzia zaidi maana nitapata njaa. Mto Ruvu uko hapo, huu Ruvu wa kwetu siyo ule wa Pwani, unaokwenda kuingia Nyumba ya Mungu pamoja na Kikuletwa na kutokea hapo unaitwa Pangani mpaka baharini.

Baada ya kula tukaenda stesheni. Mhariri, hapa sasa ndo shida yangu ilipo. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Tanga 1893 na ikafika Moshi 1911, na ndo iliyoushusha mji kutoka Old Moshi kule juu ukaja kukaa hapa chini tunapokaa. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokuja Waingereza nao wakaleta reli yao kutoka Voi kupitia Taveta ikaunganishwa hapa hapa Kahe. Na Machi 1916 watu waliuana hapa, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini linashuka kutoka Taveta na Moshi, Wajerumani na askari wao Waafrika wanashikilia mto na reli, na pande zote mbili nyuma yao kuna wapagazi wamebeba mizigo kichwani. Vita vya watu wa mbali, maji yaliyoingia damu ni haya tunayovulia perege.

Tukazunguka stesheni yote tunatafuta hata kipande cha bati kinachosema hivyo. Sijaona. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anachunga mbuzi pembeni ya reli, akasema anajua kuna treni ya kwenda Arusha, basi. Simlaumu, atajulia wapi?

Kule Old Moshi angalau kuna kumbukumbu ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, watu wanapanda kuangalia, na hapo napo mpwa wangu alinifurahisha maana yeye kule Dar akisikia Mangi anajua ni mwenye duka. Lakini huku chini mtoni ni kama hakujawahi kutokea kitu.

Kwa hiyo ombi langu ni vibao. Siombi makumbusho wala mnara, na kamati ya kukaa hotelini ndo sitaki kuisikia kabisa. Vibao vitatu, kimoja kwenye mfereji Mabogini, kimoja njia panda ya Arusha Chini, kimoja stesheni ya Kahe. Na viwe kwa Kiswahili, Kiingereza kikipenda kikae chini kwa herufi ndogo. Cha Kahe naweza kukiandika mimi bure: Hapa Machi 1916 Waingereza na Wajerumani walipigania mto huu na reli hii, wakafa wazungu, Wahindi na Waafrika, wakiwemo wapagazi. Inatosha. Yule fundi anayechora vibao vya saluni hapa Pasua anamaliza kazi hiyo kwa siku mbili.

Na la pili dogo, pale juu ya tuta tuachiwe njia ya baiskeli, maana pawatila na malori ya mpunga yanakata kingo mpaka sehemu nyingine tulishuka tukasukuma, na wanafunzi wa vijiji vile wanapita hapo hapo asubuhi.

Kurudi tulipata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyobeba nyanya, mwenyewe akatupakia na baiskeli zetu kwa elfu tano wote, maana ule mteremko usiousikia wakati wa kushuka unausikia sana wakati wa kupanda. Njia nzima kijana anaandikia wenzake wa Tabata kwenye simu kwamba Arusha imetoka Moshi, na wanabishana naye.

Mhariri, mtume mwandishi wenu mmoja aje nimpitishe, Jumamosi yoyote isiyo na msiba. Baiskeli ya shemeji ipo, ila mwambieni mapema kwamba breki ya nyuma haishiki.

Msomaji wenu,
Mzee wa Phoenix,
Pasua, Moshi