Kumtoa mtu kwenye grupu la kulipia ni kazi kuliko kumuingiza

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja ofisini kwetu hapa Sinza, anafundisha keki Telegram, elfu kumi kwa mwezi, video mbili kila wiki na PDF ya vipimo, na ndani ya grupu ana watu 340. Nikapiga hesabu kichwani haraka haraka, milioni tatu na laki nne kila mwezi, nikajisemea huyu mbona kaja na bajaji. Nikamuuliza mwezi ulioisha imeingia shingapi. Laki tisa na kidogo. Na hao wengine? Akaangalia simu yake kwanza, akasema, "Wengine wapo tu kaka."

Hao wapo tu ndo wanaotuweka mjini sisi. Kama unauza notsi, kozi, templeti, vitabu vya PDF au ushauri wa kulipia kila mwezi kupitia Telegram, kazi yetu ni kukuwekea mlango na bawabu, na leo nataka nieleze huyo bawabu anafanya nini maana kila siku naulizwa maswali yale yale kwenye simu na sauti inaniisha.

Kuingiza mtu ni rahisi, anatuma hela, unamtumia linki, kaingia, umefurahi. Shughuli inaanza tarehe yake ikifika. Kwanza hiyo tarehe yenyewe huijui, kwa sababu mmoja kaingia tarehe 3, mwingine 17, mwingine aliingia 28 ukamwonea huruma ukasema basi tuhesabu kuanzia tarehe 1, mwingine alilipa elfu tano akasema nyingine namalizia jioni, jioni ya lini hakusema. Unaandika kwenye daftari, daftari linajaa, unahamia kwenye Excel wiki mbili, unachoka, unarudi kuweka kichwani.

Alafu kuna aibu. Hili watu hawalisemi ila mi nawaona wanavyokaa kwenye kiti pale mbele yangu. Kumwambia mtu toka ni mtihani. Huyo mtu anakusifia kila ukiweka picha, anakuita madam, ulipojifungua alituma pole na hongera na hela ya sabuni juu, sasa we unabonyezaje pale kwenye jina lake umwondoe, na kwenye grupu itaandika wazi kabisa kwamba fulani amemwondoa fulani na watu 340 wanasoma. Unaamua umkumbushe inbox kistaarabu. Anajibu, "nimekupata mkuu, ila nipo msibani." Msibani! Utasema nini hapo. Unampa pole, mwezi unaisha, na yule anayelipa kila mwezi bila kukumbushwa si mjinga, anajuana na wenzie, akishagundua kwamba asiyelipa hafanywi kitu na yeye mwezi unaofuata anaanza kukohoa kohoa. Ndo mnafika laki tisa.

Upande wa malipo nako kuna vituko vyake. Mteja anakutumia skrinshoti ya muamala, na skrinshoti siku hizi mtoto wa form two anaitengeneza kwa dakika mbili, anabadilisha tarehe na kiasi tu, jina lako linabaki lile lile. Kuna wanaotuma meseji kabisa, Imethibitishwa umepokea Tsh 10,000, imepangwa vizuri na kumbukumbu namba ipo, ila imetoka kwenye namba ya mtu, sa we saa tano usiku na usingizi wako unaangalia saa ngapi nani katuma? Umeona Imethibitishwa, umetuma linki. (Hizo meseji usifute tu, zifowadi kwenda 15040, ndo namba ya kuripotia utapeli.) Na yupo anayelipa kweli, akishashusha mafaili yote anapiga huduma kwa wateja wa mtandao wake anasema nilikosea namba naomba muamala urudishwe, unaanza kusumbuana na watu kwa elfu kumi.

Sasa sisi tunaweka boti. Boti ya Telegram, sio ile ya kwenda Zanzibar, kuna mzee alinipigia akauliza hilo swali na hakuwa anatania. Ni akaunti inayoendeshwa na programu, Telegram waliziruhusu tangu 2015, na ukiifanya iwe admini kwenye grupu lako inaweza kuingiza na kutoa watu saa yoyote bila wewe kushika simu. Mteja anafungua boti yako anabonyeza Start, anachagua mwezi mmoja au mitatu, anapelekwa kwenye ukurasa wako wa malipo anaweka namba yake ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na simu yake yenyewe inaleta kile kisanduku cha kuomba namba ya siri. Akishaweka, taarifa inatoka kwenye kampuni ya malipo inakuja moja kwa moja kwenye mfumo, haipiti mikononi mwa mteja, kwa hiyo hamna skrinshoti ya mtu kukuonyesha. Boti inamtengenezea linki ya mtu mmoja, ikitumika mara moja imekufa, akimfowadia rafiki yake haifunguki.

Siku tatu kabla ya tarehe yake boti inamkumbusha, siku moja kabla inamkumbusha tena, siku yenyewe tena, na ikipita siku nzima hajalipa inamtoa. Hapo kwenye kumtoa kuna kitu tulikijua kwa kuumia. Boti inampiga mtu marufuku na sekunde hiyo hiyo inamfungulia, kwa sababu Telegram ukimpiga marufuku ukaacha hivo hivo, hata akilipa kesho linki mpya itamkataa. Mwaka wetu wa kwanza tulisahau hiyo hatua ya pili, wanafunzi wa ticha mmoja wa fizikia kule Mwanza wakawa wamelipa na wako nje siku mbili, na ticha ananipigia mimi kila baada ya nusu saa, mpaka leo nikiona namba ya Mwanza nashtuka.

Ila boti haiwezi kumuanza mtu kuongea. Lazima mtu awe ameibonyeza Start mwenyewe, hata mara moja. Kwa hiyo kama una watu mia tatu uliowaingiza kwa mkono, siku tunapofunga mfumo boti haina njia ya kuwakumbusha, unakuta mtu anatolewa bila kuambiwa na anakuja kukutukana kwa haki kabisa. Ndo maana wiki ya kwanza hatutoi mtu, tunapachika tangazo juu ya grupu, watu wabonyeze, na asiyebonyeza unamfuata mmoja mmoja. Wiki hiyo inaboa sana, siwezi kukudanganya.

Kampuni za malipo zitakuomba TIN na usajili wa biashara, na najua wengi mnauzia kwenye laini binafsi. Kwa huyo tunaweka njia ya pili, programu inakaa kwenye simu yako unayopokelea hela, inasoma meseji zinazotoka kwa mtandao wenyewe tu sio kwa namba ya mtu, mteja anaiandikia boti kumbukumbu namba yake, zikifanana anafunguliwa. Inafanya kazi vizuri mpaka siku umeme umekatika na simu yako imezima chaji. Kasajili biashara bwana.

Wengi wanauliza kwanini tusifanye WhatsApp ambako wateja wote wapo. Kuuzia WhatsApp sawa, weka stetasi, weka katalogi, jibu watu huko. Ila kukaa na wanachama wa kulipia huko hapana. Grupu la WhatsApp mwisho watu 1,024, na programu za kuchezea magrupu ya WhatsApp nyingi sio za WhatsApp wenyewe, wakikukamata wanafunga namba, na namba hiyo ndo ile ile iliyo kwenye mabango yako na kwenye paketi za keki. Telegram grupu linabeba mpaka watu 200,000, chaneli haina mwisho, faili moja hata la GB 2 linapita, na mtu akiingia leo unaweza kumwachia aone masomo yote ya nyuma.

Kingine ni namba za simu. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu. Kuna mteja wetu, kabla hajahamia, alikuwa na grupu la akina mama la afya ya uzazi, la kulipia, mwanachama mmoja akazikusanya namba zote akaanza kuwauzia dawa za asili usiku usiku. Wale akina mama hawakumlaumu yule wa dawa, walimlaumu mwenye grupu. Na sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo, ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ukipokea namba za watu ujue umebeba dhamana. Telegram mtu anaweza kuficha namba yake asionekane na wenzie.

Sasa niseme ukweli kuhusu Stars maana mtu atakuja kuniuliza. Tangu Juni 2024 Telegram wana hizo nyota zao, yani hela ya humo humo ndani ya Telegram, na masharti yao ni kwamba ukiuza bidhaa ya kidijitali ndani ya boti ilipiwe kwa nyota. Mteja ananunua nyota kupitia Apple au Google, nao wanakata chao, na wewe ukitaka kuzitoa unasubiri siku 21 unapewa Toncoin, sarafu ya mtandaoni. Kwa mtu wa Ulaya mwenye kadi sawa. Ila nenda kamwambie dada wa keki kwamba hela yake ya unga ipo kwenye Toncoin. Ndo sababu malipo tunayaweka nje kabisa, kwenye ukurasa wako, na boti inabaki kuwa bawabu tu, haiuzi.

Na swali la kila mtu: je itazuia watu kuniibia mafaili? Hapana. Tunawasha ile ya kuzuia kuhifadhi na kufowadi, kwenye simu nyingi hata skrinshoti inakataa, lakini mtu akichukua simu ya pili akapiga picha ya kioo utamfanya nini. Tunachofanya kwenye PDF ni kuchapa jina na namba ya mnunuzi kila ukurasa, kwa rangi ya kufifia, boti inafanya yenyewe wakati wa kutuma. Ticha wangu wa fizikia aliona notsi zake zinazunguka kwenye grupu la bure, akafungua ukurasa wa kwanza akakuta jina la mwanafunzi wake wa mstari wa mbele. Hakumfukuza, alimpigia tu. Mi ningemfukuza.

Alafu usiache orodha ya wateja ikae Telegram peke yake. Kuna kaka anauza templeti za Canva, ile programu ya kutengenezea matangazo na kadi, wateja wake wengi Nairobi na Mombasa, Novemba 2023 wakati wa KCSE, mitihani yao ya kumaliza sekondari, Telegram ikawa haifunguki vizuri Kenya, na Novemba 2024 ikajirudia. Mara ya kwanza alikaa tu anasubiri, watu wamelipa na hawapati kitu. Mara ya pili alikuwa na namba zao pembeni, akawatumia mafaili kwa njia nyingine, na hakuna aliyedai hela yake. Mfumo wetu unakutumia nakala ya orodha kila Jumapili, usiipuuze kama wengi wenu mnavyoipuuza.

Kazi ambazo hatuchukui: mikeka ya kubeti ya "uhakika", signo za forex (kuambiwa saa ngapi ununue au uuze sarafu), na magrupu ya kuuza vitabu au muvi za watu wengine. Hizo mbili za kwanza kila wiki linakuja grupu la watu waliolizwa na mimi ndo namba yangu ipo kwenye boti, hiyo ya tatu ni kazi ya mtu mwingine umeiskani.

Gharama ni laki moja na nusu kufunga na elfu ishirini na tano kwa mwezi. Kama una wanachama chini ya thelathini usije bado, tumia daftari, hela yako itaisha kwetu bila sababu.

Yule dada wa keki tulimfungia mfumo. Wiki ya tangazo ikapita, siku ya kwanza ya kutoa watu boti ilitoa 171 kwa mkupuo, na yeye alikuwa kazima simu kabisa kwa uoga. Katika hao alikuwepo shangazi yake, yumo bure tangu mwezi wa tatu. Shangazi akapiga kwa mama mtu, mama mtu akapiga kwa mume, mume akampa simu. Dada akasema maneno niliyomfundisha pale ofisini, "Shangazi shikamoo, sio mimi, ni mashine, hata mimi nikichelewa kulipa intaneti inanikatia." Shangazi akauliza hiyo mashine inalipwa kwa namba gani. Kati ya wale 171 mpaka mwisho wa wiki walirudi 88, wengine hawakuwahi hata kuuliza, yani walikuwa wameshasahau kama wamo.

Ukija ofisini njoo na simu yenye grupu lenyewe na hilo daftari hata kama limechanika, na uwe umeshaamua kabla hujafika nani anabaki bure, maana wapo wa kubaki bure, mama yako mzazi tunamweka kwenye orodha maalum na boti haimgusi. Jumamosi tunafunga saa nane.