Barua kwa Baba kabla ya kujaza fomu ya polisi

Leeds, Uingereza
Tarehe 14 Machi

Baba mpendwa, pamoja na Mama,

Nawasalimu nyote hapo Katuba, Lubumbashi, kuanzia Nkambo hadi mtoto wa mwisho, nikiomba barua hii iwakute wazima kama inavyoniacha mimi. Najua mdogo wangu ndiye atakayewasomea kwa sauti, na namwomba asiruke mahali popote, hata pale anapotajwa yeye.

Baba, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Shangazi alikueleza kwamba nimeacha masomo na kuingia polisi, nawe ukasema kwamba hukuuza kiwanja cha Ruashi na kunipeleka Bulaya ili mwanao aje avae kofia ya watu wanaosimamisha teksi barabarani na kudai hela. Maneno hayo yaliniuma, lakini sikukasirika, kwa sababu najua yalikotoka. Nimeona afadhali nikuandikie kuliko kupiga simu, maana kwenye simu sisi wawili hukatizana, na jambo hili linahitaji kusikilizwa hadi mwisho.

Masomo sijayaacha. Niko mwaka wa pili wa shahada ya kriminolojia, na Mungu akijalia nitamaliza mwaka ujao. Alichokisikia Shangazi ni kwamba nimeomba kuwa polisi wa kujitolea huku nikiendelea kusoma. Hapa Uingereza kuna utaratibu wa zamani, uliowekwa katika sheria ya mwaka 1831, unaomruhusu raia wa kawaida mwenye kazi yake au masomo yake kula kiapo cha polisi na kutumika saa chache kila mwezi. Huvaa sare, na mamlaka yake ya kumkamata mtu ni yale yale ya polisi wa kudumu. Kwa kawaida hutakiwa kutoa saa 16 kwa mwezi au zaidi, hana mshahara, bali hurudishiwa nauli na gharama ndogo ndogo. Sharti ni awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nchini muda wa kutosha, na asiye raia awe na karatasi za kuishi bila kikomo, ambazo mimi ninazo.

Utauliza kwa nini nisingoje nipate shahada kwanza. Nami nilidhani hivyo nilipoingia chuo. Nilifikiri kwamba mtu akisoma vitabu vya uhalifu, akafaulu mitihani, akaweza kukimbia mita 15 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio wa mashine hadi kiwango cha 5.4, ambacho ndicho kipimo chao cha mwili, basi amekwisha kuwa tayari. Lakini wanaoajiri hawaulizi sana umesoma nini, na siku hizi ipo hata njia ya kuingia bila shahada. Wanachouliza ni hiki: tueleze siku uliyokutana na mtu mwenye hasira, ulifanya nini, kwa nini ulifanya hivyo, na matokeo yalikuwaje. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kitabu, bali na aliyewahi kusimama mbele ya mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka wa kwanza nilianza kutafuta mahali ambapo ningejifunza mambo hayo kabla sijakabidhiwa pingu.

Mahali pa kwanza palikuwa penye simu. Katika vyuo vingi vya hapa kuna huduma ya usiku inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1970, ambayo mwanafunzi mwenye dhiki anaweza kuipigia akasikilizwa bila kutaja jina. Tulifundishwa kutotoa ushauri. Kwangu lilikuwa jambo gumu mno, kwa maana nimelelewa katika nyumba ambamo kila mwenye shida hupewa mashauri na watu wanne kwa pamoja. Nilijifunza kunyamaza, na kungoja mpaka mtu alifikie mwenyewe neno alilokuwa analiogopa. Sitaeleza mengi, kwani yaliyosemwa usiku ule hayatoki nje.

Mahali pa pili ndipo ninapotaka kukaa kidogo, Baba, kwa sababu ndipo nilipoelewa ninachokitaka.

Mwaka 1981 palitokea ghasia kubwa katika mtaa wa Brixton, London, kati ya polisi na vijana, wengi wao weusi. Serikali ilimpa jaji mmoja, Lord Scarman, kazi ya kuchunguza chanzo chake, na katika mapendekezo yake alitaka raia wa kawaida waruhusiwe kuingia vituoni bila taarifa na kutazama namna watu waliokamatwa wanavyotunzwa. Tangu mwaka 2002 sheria inalazimisha kila eneo la polisi la Uingereza na Wales liwe na raia wa namna hiyo. Huenda wawili wawili, saa yoyote, hata usiku wa manane, na wakibisha hodi hufunguliwa bila kucheleweshwa. Afisa huwasindikiza kutoka seli hadi seli, na aliyemo ndani huulizwa kama anakubali kuonana nao. Akikubali, humuuliza kama ameelezwa haki zake, kama amekula, kama anahitaji daktari au dawa, kama jamaa yake amejulishwa alipo. Hawamuulizi ametuhumiwa nini. Kisha huandika ripoti, nayo hupelekwa kwa ofisi ya kiongozi aliyechaguliwa na wananchi kuwasimamia polisi.

Kazi hiyo nimeifanya kwa mwaka mmoja na miezi michache. Siku ya kwanza nilishindwa kuangalia kupitia kidirisha cha mlango wa seli. Nilisimama nikiwa na karatasi yangu mkononi, mwenzangu, mama mtu mzima aliyezoea, akangoja bila kuniharakisha. Harufu ya mahali pale, ya sabuni kali na jasho na chakula kilichopashwa moto, ilinirudisha moja kwa moja Lubumbashi, katika mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa na Mujomba akafungwa kasho.

Mama, wewe unakumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka sahani ya bukari na sombe iliyofunikwa kitambaa, na mkono wako ukinishika kwa nguvu tulipokuwa tukivuka barabara. Ulirudishwa mlangoni mara mbili. Mara ya tatu ulitoa pesa ndipo chakula kikapita, bila ya wewe kumwona ndugu yako, na hatukujua kama alikula yeye au alikula mwingine. Alikaa siku nne. Hakuna aliyetuambia sababu, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza, na alipotoka hakulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Nilipokuwa chuoni nilisoma Katiba yetu ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, nikafika kifungu cha 18. Kinasema kwamba anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa zake au wakili wake. Kinasema pia kwamba polisi hawawezi kumshikilia zaidi ya saa 48, bila kumwachilia au kumkabidhi kwa mamlaka ya sheria. Hapa Uingereza kikomo cha kawaida ni saa 24, mkuu wa polisi wa cheo cha juu anaweza kuongeza hadi 36 kwa kosa zito, na mahakama hadi 96. Nililinganisha tarakimu hizo nikatetemeka, kwa sababu niliona kwamba siku ile haki ya Mujomba ilikuwa imekwisha kuandikwa. Iliyokosekana ni macho ya kuitazama. Hakuwapo mtu aliyesimama mlangoni akiwa na karatasi, akiuliza: huyu ameingia saa ngapi, nani amejulishwa?

Baba, tangu usiku ule wa kwanza nimeingia seli nyingi. Mara moja, katika kituo ambacho sitakitaja, niliandika kwamba mtu hakuwa na blanketi, na kabla hatujamaliza mzunguko wetu lilikuwa limeletwa. Ni jambo dogo, lakini nililia njiani nikirudi nyumbani. Nimewaona pia sajini wa zamu wanaozungumza na mlevi anayewatukana kwa sauti ile ile wanayotumia kwa wakili, na nimewaona wengine ambao uchovu umewafanya wasimtazame mtu usoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sitaki kubaki daima yule anayekuja kukagua kwa nusu saa na kuondoka. Nataka kuwa yule anayebaki na ufunguo.

Lakini mkaguzi hawezi kuwa polisi kwa wakati mmoja, kwa kuwa angekuwa anajikagua mwenyewe. Kwa hiyo mwezi uliopita niliandika barua ya kuacha ukaguzi, na ndipo nikaomba nafasi ya polisi wa kujitolea. Huko nitafundishwa sheria, namna ya kuandika taarifa, namna ya kujikinga, kisha nitatembea mitaani pamoja na mwenye uzoefu. Baada ya shahada, nikiona bado moyo wangu uko huko, nitaomba kazi ya kudumu. Nikiona kazi hiyo hainifai, nitakuwa nimejua mapema, na shahada yangu itakuwa mkononi.

Uliniuliza pia, kwa ile sauti yako ya chini, kama polisi wa wazungu watamheshimu binti mweusi. Sitakudanganya. Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa London akiwa anangoja basi, na polisi wakaharibu uchunguzi kiasi kwamba ripoti ya serikali ya mwaka 1999 ilisema wazi kuwa ndani ya polisi wa London kulikuwa na ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Ripoti nyingine ya mwaka 2023 juu ya polisi hao hao ilikuta ubaguzi ule ule bado upo, ikaongeza na mabaya wanayotendewa wanawake. Mambo hayo tunayasoma darasani, hayafichwi. Huenda nitakutana nayo. Lakini nimekwisha kuona, nikiwa na karatasi ya ukaguzi mkononi, jinsi uso wa kijana mweusi unavyobadilika mlango wa seli unapofunguliwa akaniona mimi, na siwezi kujifanya sikuona.

Sasa nawe, mdogo wangu, unayesoma barua hii. Uliniandikia kwa siri kwamba na wewe, ukimaliza masomo ya sheria chuoni pale Kasapa, unafikiria kuingia polisi ya nchi yetu, na ukauliza ufanye nini wakati huu. Samahani, siri yako nimeitoa. Ni afadhali Baba atugombeze wote kwa pamoja. Huko hakuna utaratibu kama wa hapa wa mwanafunzi kuvaa sare, lakini vilivyopo si vichache. Isome sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga kazi ya polisi ya taifa, neno kwa neno, maana ni aibu mtu kutaka kazi asiyoijua sheria yake. Nenda ukakae nyuma katika tribunali ya amani, kwani kesi husikilizwa hadharani, na uangalie jinsi kesi inavyoanguka kwa sababu aliyeandika taarifa alichanganya alichokiona na alichosimuliwa. Jizoeze kutenganisha hayo mawili. Ukishuhudia ugomvi katika soko la mtaa wetu wa Kenya, hapo Lubumbashi, rudi nyumbani uandike saa, mahali, nani alisema nini, na usiandike kamwe alichofikiri mtu. Kajifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu, kwa sababu polisi mara nyingi hufika kwenye ajali kabla ya gari la wagonjwa.

Tena jifunze lugha. Lubumbashi yetu ina Kiswahili, ina Kibemba, ina Kiluba, ina Lingala, na watu wetu wamezoea kuamrishwa na mwenye bunduki kwa Lingala, nao wakaitika bila kuelewa. Katiba imesema lugha anayoielewa. Polisi anayeweza kumwambia bibi kizee sababu ya kukamatwa kwa mjukuu wake kwa Kibemba chake atakuwa ametimiza sheria ambayo wenye vyeo vikubwa wameipita.

Baba, limebaki jambo moja, na hili siwezi kulifanya bila wewe. Kabla ya kunikubali hufanya uchunguzi mrefu: madeni yangu, marafiki zangu, niliyoyaandika mtandaoni, na jamaa zangu wa karibu popote walipo. Fomu inataka majina kamili ya wazazi wote wawili na tarehe zao za kuzaliwa. Ya Mama ninayo. Ya kwako, nakumbuka ulituambia kwamba ile iliyo kwenye kadi ya mchaguzi siyo ile aliyoiandika Nkambo katika Biblia ya nyumbani, na hapa nikiandika tarehe isiyo sahihi wataona nimedanganya.

Fomu natakiwa kuirudisha kabla ya tarehe 30. Nimejaza kurasa zote, nikaiacha wazi sehemu yako. Sikuiomba kwa Shangazi, ingawa ningeweza. Naomba uniandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mdogo wangu apige picha na kunitumia: jina lako lote, mahali ulipozaliwa, na tarehe unayotaka niiandike.

Binti yenu anayewapenda