Kocha anayemwamini mtoto hamdekezi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba michezo ya shule imedorora kwa sababu makocha wa siku hizi wanawabembeleza watoto. Ameandika kwa uchungu, na naamini anaipenda michezo. Lakini hicho anachokiita kubembeleza nakijua kwa karibu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Asubuhi nafundisha darasani, jioni nasimamia netiboli ya wasichana katika shule ya msingi huku Iramba, mkoani Singida.

Yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ameyaona haya. Mpira unamfikia GS, yaani mfungaji mkuu, ndani ya duara la kufungia. Kanuni inampa sekunde tatu tu, na mlinzi amemnyooshea mikono mbele. Badala ya kutazama goli, mtoto anageuza shingo kutazama benchi. Anautafuta uso wa kocha. Sekunde moja imeshaondoka hapo, pengine mbili, na iliyobaki haitoshi kupanga miguu na kiwiko. Anarusha ovyo, mpira unagonga chuma, na kutoka benchi sauti inapaa: "Toka! Toka nje! Si nilisema huyu hafai?" Niliyasikia kwa masikio yangu kwenye mashindano ya wilaya, mbele ya wazazi na wanafunzi wa shule nyingine, akiambiwa binti ambaye hata miaka kumi na miwili sidhani kama alikuwa ametimiza. Aliyeingia badala yake akaanza kutazama benchi kabla hajagusa mpira.

Mwenzangu atasema kocha yule ni mkali, na ukali hujenga. Mimi nami ni mkali, wasichana wangu wanalijua hilo. Anayechelewa mazoezi bila ruhusa anazunguka uwanja. Anayetoa pasi kwa uvivu nasimamisha mchezo, tunairudia pasi ile mpaka ikae sawa. Ninachokikataa ni kumwambia mtoto kwamba hafai. Ukimwambia, "Kiwiko kimetoka nje, kirudishe chini ya mpira," umemkemea na umemwachia kitu cha kufanya. Ukimwambia hafai, arekebishe nini? Hakuna zoezi la kutibu kutofaa.

Kuna jambo moja nakubaliana naye. Sifa tupu hazimjengi mtoto. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba mtu huanza kujiamini hasa kutokana na yale aliyoyafanya mwenyewe akafaulu, na kwamba maneno ya kutiwa moyo, ingawa yanasaidia, nguvu yake ni ndogo kuliko hapo. Nami nimeliona hilo uwanjani. Mwambie mtoto kutwa kucha kwamba yeye ni hodari. Kama hajawahi kufunga goli mbele ya watu, hakuamini, na hana kosa. Ndiyo maana imani ya kocha naipima kwa nafasi anayompa mtoto: acheze, akose, arudie, akiwa bado yuko uwanjani.

Nimtolee mfano binti mmoja, jina lake nitalihifadhi. Alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake wote, na urefu wenyewe aliuonea aibu. Akitembea, mabega yameinama. Nikampa GS. Goli letu lilikuwa limeoza, tukafunga rimu ya baiskeli juu ya nguzo, akawa anarushia pale. Mbele ya timu nzima nikamwambia, "Wewe ndiye GS wetu mpaka mashindano yaishe. Sikutoi kwa kukosa. Nitakutoa ukiogopa kurusha." Na wenzake nikawaambia: akiwa wazi, apewe mpira, hata kama ametoka kukosa sasa hivi.

Akaja jioni chache, kisha akaacha kuja. Nikaenda kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Huyu kafanya kosa gani?"

Mzazi wa kijijini akimwona mwalimu mlangoni hufikiria kosa, na simlaumu, maana mara nyingi ndicho tunachokwenda kukisema. Nikamwambia hakuna kosa. Nimekuja kwa sababu timu inamhitaji binti yake; asipokuwepo hatuna mfungaji. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kando ya jiko akipepeta uwele. Mikono ikasimama, ungo ukabaki hewani. Mzee akanitazama, akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu huyu?" Nikamjibu, "Huyu huyu, mzee." Akafikiri kidogo, halafu akasema basi maji yatachotwa alfajiri, jioni aje uwanjani.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitazama jambo hili kwa makini. Neno la kocha huingia zaidi mtoto anapolisikia likiambiwa mtu mwingine. Ukimwambia usoni, anaweza kudhani unamfariji tu. Ukilisema mbele ya baba yake, anaelewa kwamba umeiweka heshima yako rehani kwa ajili yake, na kwamba akikuangusha utaonekana wewe ndiye uliyekosea kuchagua. Mtoto anayabeba hayo mpaka uwanjani. Na mzazi naye anabadilika. Binti ambaye nyumbani alihesabiwa kwa ndoo za maji akaanza kuulizwa mechi ni lini.

Mwaka ule tulitolewa nusu fainali ya wilaya. Upepo ulikuwa mkali, kama kawaida ya Singida, na alikosa magoli ambayo mazoezini alikuwa akiyafunga. Lakini shingo haikugeuka kunitafuta. Alikosa, akaifuata rebaundi, akapanga miguu, akarusha tena. Sikuhitaji kombe kujua kwamba kazi imefanyika.

Watu wataniambia hiyo ni michezo ya watoto, ngazi ya juu mambo ni mengine. Basi tuwatazame Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka ya wasichana wa chini ya miaka 17, ilipokuwa chini ya kocha Bakari Shime. Oktoba 2022 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, ikiwa mara ya kwanza kwa wasichana wetu kufika huko. Mechi ya kwanza wakafungwa na Japani 4-0. Nakumbuka maneno ya vijiweni siku ile, kwamba tumekwenda kuaibika. Siku tatu baadaye kikosi kilekile kikaifunga Ufaransa 2-1, kikatoka sare ya 1-1 na Kanada, kikaingia robo fainali, kikatolewa na Kolombia. Namwomba mwenzangu azifikirie zile siku tatu. Mabao manne yako kichwani, na mbele yako ni Ufaransa. Watoto walioambiwa hawafai hawaamki namna ile.

Jirani zetu Kenya wana mfano wa miaka mingi. Brother Colm O'Connell alitoka Ayalandi mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Ukocha wa riadha hakuwa ameusomea. Katika mikono yake wakapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha. Huyu Rudisha, kwenye mashindano ya dunia ya Berlin mwaka 2009, alitolewa nusu fainali ya mita 800. Kijana aliyetegemewa, fainali hakuigusa. Hapo ndipo kocha anapopimwa, maana kumwamini anayeshinda hakuna ugumu wowote. Waliendelea kufanya kazi pamoja. Agosti 2010 Rudisha akavunja rekodi ya dunia mara mbili, na mwaka 2012 London akachukua dhahabu ya Olimpiki kwa rekodi nyingine, dakika 1 sekunde 40.91.

Na huku kwetu, watoto wangu hawaachi kumtaja Alphonce Simbu, mwana wa Singida. Alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017. Dhahabu ikaja Tokyo, Septemba 2025, ya kwanza kwa Mtanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Miaka minane hapo katikati! Watu wazima walimsubiri mtu mzima mwenzao miaka minane, lakini binti wa darasa la sita tunamhukumu kwa mpira mmoja uliogonga chuma. Hata kwenye uchaguzi wa kombaini ya wilaya, yaani timu teule ya wachezaji kutoka shule mbalimbali, nimeona mtoto akikatwa kwa kipindi kimoja kibaya, na hakuna aliyemwita pembeni kumwambia arekebishe nini mpaka mwakani. Wengi wa hao hawarudi. Wanaolewa, wanahamia mjini kufanya kazi za ndani, au wanabaki tu nyumbani, na sisi tunaandika magazetini kwamba vipaji vimekwisha.

Nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa maofisa michezo wa wilaya: kocha anayemwacha mtoto kwenye kombaini aandike sababu moja ya kiufundi, aipeleke kwa mwalimu wa shule ya mtoto huyo. Mstari mmoja unatosha: pasi zake fupi, au miguu inateleza anapodaka, au hana pumzi kipindi cha mwisho. Mwalimu atajua aanzie wapi, na mtoto atajua kwamba kuna mtu alimtazama kweli.

La pili ni kwa waamuzi. Kanuni za netiboli zinawapa mamlaka ya kulionya benchi. Nimewaona wakiyatumia kwa kocha anayebishia uamuzi wao. Kwa kocha anayemtukana mchezaji wake mwenyewe, sijaona hata mara moja. Nawaomba waanze msimu huu, kuanzia mechi za kata, wasisubiri mpaka taifa.

Mwalimu wa michezo,
Kiomboi, Singida.