Msimtie aibu mama mwenye bibero

Bwana Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuandika neno. Lakini ripoti yenu ya Wiki ya Kunyonyesha, ile yenye picha ya viongozi mbele ya bango, imenishinda. Mliandika, bila kumuuliza mama hata mmoja, kwamba wanaotumia bibero, yaani chupa ya kumnyweshea mtoto maziwa, ni wanawake wa kisasa wanaoogopa kuharibu vifua vyao. Nani aliwaambia?

Mimi nimenyonyesha watoto wangu wote, kila mmoja hadi akatembea. Najua mtoto huwekwa kifuani ndani ya saa ya kwanza, najua yale maziwa ya manjano hayamwagwi, najua miezi sita bila hata tone la maji. Hapa kwetu Kadutu, Bukavu, ambapo bomba hukauka na maji hupandishwa mlimani kwa bidoni, maziwa ya mama ndiyo yanayowaokoa watoto na kuhara. Hilo sibishani na mtu.

Ninachokataa ni ukatili. Mkamwana wangu alijifungua kwa shida, akatoka damu nyingi hadi tukaanza kumlilia. Mungu akamrudisha. Lakini maziwa hayakuja. Tulimpikia uji, sombe, mchuzi wa samaki. Mtoto akawekwa kifuani usiku na mchana, ananyonya, anaachia, analia, midomo imemkauka. Wataalamu wenyewe wanajua kwamba mwanamke aliyepoteza damu nyingi anaweza kuchelewa kupata maziwa, na wengine hawayapati kabisa. Tukanunua ya kopo, yale ya unga ya watoto wachanga. Siku ya kupima watoto tukapanga foleni na wenzetu. Muuguzi alipoiona bibero kikapuni, aliinyanyua juu foleni nzima iione, akauliza kama huyu ni mama au ni yaya. Watu wakacheka. Mkamwana wangu alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Hakujibu kitu. Alivuta kitenge akamfunika mtoto uso, kana kwamba mtoto ndiye aliyekosa, akatoka kabla hajapimwa, na kurudi hakurudi. Chanjo ya mwezi ule ikapita hivyo hivyo! Niambieni, hapo imelindwa afya ya nani? Na mtaani majirani walishaanza kunong'ona kwamba ana virusi vya UKIMWI, maana kwetu mwenye bibero hudhaniwa hivyo mara moja, ingawa tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema hata mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha, mradi anameza dawa zake. Mama amenusurika kifo, anarudi nyumbani anakuta kesi mbili zinamsubiri, na hakuna hata moja aliyoifanya.

Tulimfuata muuguzi mwingine pembeni tumuulize namna ya kukoroga yale maziwa. Akasema ni marufuku kuzungumza habari hizo. Si kweli. Kanuni ya kimataifa ya 1981 inayakataza makampuni kutangaza maziwa ya kopo na kuwagawia akina mama sampuli za bure, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema mama anayeyahitaji, au jamaa zake, waonyeshwe na mhudumu wa afya, na waelezwe hatari za kukosea. Asipoonyeshwa, anazidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto anashiba maji huku anakonda. Unga ule wa kopo unaweza kuwa na vijidudu. Maji yachemshwe, uukoroge yakiwa bado moto, si chini ya nyuzi 70, ndipo uyapoze umpe mtoto. Kilichokaa zaidi ya saa mbili kimwagwe. Na kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko bibero. Haya nimeyapata kwa mtoto wa dada yangu anayesomea uuguzi. Asiye na mtoto wa dada ayapate wapi?

Na tukisema unyonyeshaji, mbona hamwagusi waajiri? Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Binti yangu ni mwalimu. Alipoyaomba, mkuu wa shule alimwambia achague mtoto au darasa. Maziwa yakamlowesha blauzi mbele ya wanafunzi. Miongoni mwa waliopiga picha mbele ya bango, wangapi wanawapa wafanyakazi wao hiyo nusu saa?

Ninachoomba ni hiki. Kila maternite, yaani wodi ya wazazi, itenge Alhamisi saa nane mchana, chumba chenye mlango unaofungwa, babula moja ya makaa ya kuchemshia maji, sufuria yenye kifuniko, vikombe, na muuguzi mmoja mwenye subira. Mama ambaye maziwa yamechelewa asaidiwe kwanza kumshika mtoto vizuri na kukamua. Ikishindikana, aonyeshwe kukoroga. Mlangoni pasiandikwe kitu. Na siku ya mizani, kikapu cha mama kisifunguliwe na mtu.

Nanyi, ile picha ilichukua nusu ukurasa. Toleo lijalo nusu hiyo ielezeni namna ya kuchemsha maji na kupima vijiko, kwa Kiswahili, pamoja na jina la kituo kimoja hapa Bukavu ambako mama mwenye bibero anaweza kwenda bila kutukanwa. Mkikikosa, andikeni kwamba mmekikosa.

Mama muuza vitenge,
Kadutu, Bukavu