Kabla hatujakuuzia pampu nyingine ya bluu

Pampu ya bluu ya salbutamoli, dawa ya kuvuta ya wenye pumu, kwa kawaida ina mipulizo 200. Ikikuishia ndani ya mwezi mmoja, maana yake umeivuta mara sita au saba kila siku, na hapo kwenye duka letu la dawa utaulizwa maswali kabla ya kuuziwa nyingine. Wapo wateja wanaokereka, na tunawaelewa. Aliyebanwa tunampa dawa kwanza, avute, atulie, ndipo tuzungumze. Lakini mazungumzo lazima yawepo, kwa sababu pampu hiyo peke yake haitibu kinachokubana.

Hewa ikishapita puani na kooni huingia kwenye bomba la hewa, lile unaloligusa mbele ya shingo, gumu kwa sababu limeshikiliwa na pete za gegedu. Bomba hilo hugawanyika mawili, tawi moja kwa kila pafu, kisha matawi huendelea kugawanyika, takriban mara 23 hadi mwisho, mpaka kwenye vifuko vya hewa ambako oksijeni huingia kwenye damu. Pumu haianzii kwenye vifuko hivyo. Iko njiani, hasa kwenye vijitawi vyembamba. Vile vidogo kabisa havina gegedu ya kuviweka wazi. Vimezungukwa na misuli, na kwa ndani vina utando laini wenye ute. Misuli ikikaza, utando ukivimba na ute ukawa mzito, hewa inakosa njia. Kutoa pumzi ndiko kunakuwa kugumu zaidi, na kifua kinaanza kulia filimbi.

Anayevimbisha utando huo ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Kila siku mtu mzima huvuta maelfu ya lita za hewa, pamoja na vumbi, moshi na vijidudu vilivyomo, kwa hiyo njia nzima imewekewa ulinzi. Ute hunasa uchafu, vinyweleo vidogo mno huusukuma juu kuelekea kooni, na chini ya utando kuna seli za kinga zinazongoja. Kwa wenye pumu ya mzio, kinga hii imezoea kukiona kitu kisicho na madhara kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili aina ya IgE, zile zile zinazotumika kupambana na minyoo, nazo hukaa juu ya seli za kinga ziitwazo seli za masti. Ukivuta tena kitu kile, seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine, na ndani ya dakika chache misuli inakaza.

Haliishii hapo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Saa chache baadaye kundi jingine la seli, eosinofili, huwasili na kuongeza uvimbe. Saa nne asubuhi umetikisa mito, umebanwa, umevuta pampu, ukapata nafuu. Jioni au usiku kifua kinabana tena, nawe unashangaa kwa kuwa hujagusa vumbi tangu asubuhi. Pumu si zote za mzio. Nyingine huchochewa na mafua, baridi au mazoezi. Ila uvimbe ndani ya njia ya hewa huwa upo karibu kwa kila mgonjwa.

Salbutamoli hulegeza misuli. Hufanya kazi ndani ya dakika chache na hudumu kama saa nne hadi sita, lakini uvimbe inauacha pale pale. Zinazotuliza uvimbe ni dawa za kundi la steroidi za kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, zinazotumika kila siku hata ukijisikia mzima. Hazikufungui papo hapo. Faida yake huonekana baada ya siku au wiki kadhaa, na ndiyo maana watu huziacha mapema. Ipo pia pampu yenye budesonidi pamoja na formoteroli, ambayo hufungua na kutuliza kwa pamoja. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linaloandaa miongozo ya pumu, liliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Miongozo hiyo hiyo inaonya kwamba anayemaliza pampu tatu au zaidi za bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na kuanzia kumi na mbili hatari ya kufa hupanda sana.

Tunajua wanaosema pampu ukiianza huwezi kuiacha, wakachagua vidonge. Piga hesabu nasi. Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40 ya mikrogramu 100. Dawa yote hiyo hupita tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo huenda mbio. Vidonge vya prednisoloni navyo vina kazi yake pale mtu anapobanwa vikali, lakini kuvimeza mara kwa mara bila daktari huathiri mifupa, sukari na presha.

Hapa Tanga kuna vichochezi tunavyoviuliza kila mara. Unyevu wa pwani hupendwa na wadudu wa vumbi, wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye mito na magodoro, hasa ya sufi yaliyokaa miaka. Mende nao wamo, na moshi wa mkaa, udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma. Hatukuambii uache udi harusini. Usiufukize chumba anacholala mwenye pumu, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki.

Ukija na cheti cha daktari, tutakuomba uvute pampu mbele yetu, bila malipo. Itikise, toa pumzi, banisha midomo, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, kisha shikilia pumzi kwa sekunde kumi. Ya steroidi ukimaliza sukutua na uteme, usije ukapata fangasi mdomoni. Kwa mtoto tunakuonyesha kutengeneza spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo, kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa chupa hiyo ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au mtoto akivuta pumzi mbavu zikiingia ndani, msitungoje sisi. Mpeni mipulizo minne hadi kumi ya bluu kwa spesa, mmoja mmoja, huku mkikimbilia hospitali.

Siku za kawaida njoo na pampu zako zote, hata zilizokwisha, pamoja na dawa za presha au moyo unazotumia. Baadhi yake, kama propranololi, hubana njia za hewa za mwenye pumu, na tukiiona tutakuandikia ujumbe wa kumpelekea daktari wako.